Mwalimu wa Kwenye Simu na Goti la Shangazi

Mgonjwa wa kwanza niliyemwandikia dawa mtandaoni alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka sitini na nane. Alikuwa na presha, alikuwa na goti linalouma, na alikuwa na picha: mzee wa miwani na shati jeupe, anatabasamu kama mtu aliyeamriwa kutabasamu. Nilimuua mara mbili kabla ya chai ya saa nne.

Tulikuwa mwaka wa tatu katika chuo cha utabibu pale Kilosa. Mkufunzi wetu wa somo la dawa, mama mfupi aliyevaa koti jeupe hata siku za Jumamosi, alitukusanya darasani akatuambia kwamba muhula huo tunakwenda fildi, kujifunza kwa vitendo vituoni, na kwa kuwa hawezi kumfuata kila mmoja kwenye kituo chake, somo la kuandika dawa tutalifanya kwenye simu. Kulikuwa na visa kumi na viwili. Unafungua kisa, unasoma habari za mgonjwa, unamuuliza maswali kwa kugusa orodha, kisha unaandika cheti: dawa gani, kiasi gani, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi. Ukimaliza unagusa kitufe, na mfumo unakueleza yaliyompata.

"Asiyemaliza visa vyote hatafanya mtihani," alisema. "Na asiyeuliza maswali atajuta."

Mwenzetu mmoja akauliza kama wagonjwa hao ni watu wa kweli.

"Hapana," alisema mkufunzi. "Ndiyo maana nimewakabidhi ninyi."

Mimi sikuuliza maswali. Niliona yananichelewesha, na bando langu la intaneti halikuwa la kuchezea. Mtu ana goti linauma, dawa ya maumivu inajulikana. Nikaandika diklofenaki, kidonge kimoja kutwa mara tatu, nikagusa kitufe. Maelezo yakaja kwa Kiingereza kisicho na haraka. Baada ya wiki tatu mgonjwa wako alilazwa. Figo zake zilishindwa kufanya kazi. Amefariki. Hukuuliza anatumia dawa gani nyingine. Hukuandika muda wa matibabu. Chini yake palikuwa na kitufe cha kijani cha kujaribu tena.

Nikajaribu tena. Safari hii nilimuuliza anatumia dawa gani, akanijibu kwamba anatumia mbili za presha, moja ikiwa ya kupunguza maji mwilini. Nikaona ni jambo zuri kulijua. Kisha nikamwandikia diklofenaki ileile, nikapunguza kutoka mara tatu kuwa mara mbili kwa siku. Alichelewa kidogo kufa.

Jirani yangu wa dawati alikuwa kijana wa familia ya wafugaji waliotoka kanda ya ziwa wakahamia Tindiga yeye akiwa hajaanza shule. Alimponya mwalimu kwa jaribio la kwanza. Nilimuuliza amefanyaje.

"Nilimuuliza kila kitu."

"Kila kitu?"

"Orodha yote, mpaka chini. Nyumbani mtu akileta dawa ya ng'ombe, baba anauliza kwanza ng'ombe huyo amechomwa nini wiki hii, amechomwa na nani, na kwa nini hakupona. Ukichanganya dawa ng'ombe anakufa, na nyama yake huli."

"Kwa hiyo mwalimu umemtibu kama ng'ombe."

"Ng'ombe wetu wako hai," alisema, akaendelea na kisa cha pili.

Wiki iliyofuata nilipangiwa kituo cha afya Mikumi. Nilifurahi kwa sababu huko alikuwako shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Sisi ni watu wa Kisanga, wakulima, na yeye alitoka Kisanga siku alipoolewa. Mume wake alishatangulia mbele ya haki, watoto wake walikuwa na miji yao, na yeye alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Basi la kutoka Kilosa kwenda Mikumi linapita Ulaya, ambayo kwetu ni kijiji, na jioni nilikuwa nimefika na begi, koti jeupe na simu yenye kioo kilichopasuka kona moja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Chuo hawapiki?"

"Wanapika."

"Basi hawajui kupika."

Nyumba yake ilikuwa nyuma kidogo ya barabara kuu, ile ya malori ya Zambia. Mtandao ulishika kwenye kibaraza tu. Ukiingia ndani unapotea, ukisogea uani unapotea. Na kibarazani ndipo ilipokaa cherehani yake, ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, maandishi yake ya dhahabu yamefutika kwa kuguswa. Kwa hiyo kila alasiri nikitoka kituoni nilikaa kwenye mkeka hatua mbili kutoka kwake, yeye anakanyaga, mimi nawaandikia dawa watu wasiokuwepo.

Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya pili aliuliza nacheka na nani kwenye simu, nami nilikuwa sicheki, nilikuwa nimekunja uso. Nikamweleza. Nikamsomea kisa cha mwalimu kwa Kiswahili, pamoja na goti na presha, na nikamwambia kwamba kwangu ameshafariki mara nne.

"Mara nne," alisema.

"Si mtu wa kweli, shangazi. Ni mafunzo."

"Ana umri gani?"

"Sitini na nane."

"Ana mke?"

Nikatazama kwenye orodha. Swali la mke lilikuwepo. Nikaligusa. "Mke wake amefariki. Anaishi na mjukuu."

"Mtu mwenye umri, mjukuu na goti, mimi siwezi kumwita si mtu," alisema, akaingiza kitambaa chini ya sindano.

Tangu hapo alimfuatilia mwalimu kuliko mimi. Nikitoka kituoni, kabla hajanikaribisha chakula alikuwa anauliza yule mgonjwa wetu anaendeleaje. Ijumaa moja aliporudi kutoka msikitini aliniambia kwamba amemtia kwenye dua. Sikubisha. Alama zangu zilikuwa zinahitaji msaada wowote ule.

Kituoni mambo yalikuwa tofauti. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, mwanamume mrefu asiyepandisha sauti, aliniruhusu kuandika vyeti, lakini kila cheti alikisoma kwa sauti mbele ya mgonjwa kabla ya kuweka sahihi. Akifika mahali nimesahau kitu ananyamaza tu, kalamu imesimama hewani, mpaka mimi na mgonjwa sote tunaanza kutafuta kosa. Mgonjwa mmoja, mama wa makamo, alilipata kabla yangu. Nilikuwa sijaandika dawa ni ya siku ngapi. Sikushtuka sana. Nilishalikosa hilo kwenye simu mara nyingi kiasi kwamba nililichukua kama tabia yangu, kama mtu mwenye mwandiko mbaya.

Ilikuwa wiki ya tatu ya fildi, siku ya Jumanne. Shangazi alikuwa anashona sketi za bluu za shule ya msingi, rundo limefika kiunoni. Mimi nilikuwa nimemfungua mwalimu kwa jaribio jipya. Cherehani ikasimama.

"Hebu niambie," alisema. "Ni dawa gani hasa inayomuua?"

"Ya goti. Peke yake, kwa siku chache, ingeweza isimdhuru. Ila akiinywa pamoja na za presha, na tena kwa muda mrefu, figo zinaumia."

"Hizo za presha zinaitwaje?"

Nikamsomea.

"Soma tena."

Nikasoma tena, polepole. Aliinuka kwa kushika ukingo wa cherehani, akaingia ndani, akakaa huko kwa muda. Alirudi na kopo la maziwa ya unga. Alilifungua akatoa vitu kimoja kimoja akaviweka kwenye meza ya cherehani, juu ya sketi. Pakiti ya dawa ya presha. Pakiti ya dawa ya kupunguza maji. Zilikuwa ndizo zilezile za mwalimu. Kisha akatoa kibao cha vidonge vya diklofenaki kilichobaki vidonge vitatu.

"Hii umeipata wapi, shangazi?"

"Duka la dawa."

"Nani amekuandikia?"

Akatumbukiza mkono tena, akatoa karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kubandikwa selotepu pande zote mbili isichanike. Ilikuwa imetoka kwenye daftari la mistari. Juu yake paliandikwa jina la dawa, kipimo chake, kidonge kimoja kutwa mara tatu, maumivu ya goti. Chini palikuwa na sahihi ndefu kuliko maandishi mengine yote.

Ilikuwa sahihi yangu.

Nilikumbuka siku nilipoiandika. Nilikuwa mwaka wa kwanza, nimesoma somo la dawa kwa muhula mmoja, nimekuja kwake likizo ya Idi nikiwa na kipimo cha kusikilizia mapigo ya moyo ambacho niliacha kimening'inia shingoni ndani ya basi tangu Kilosa, ili abiria wanione. Shangazi alilalamika goti. Wakati ule hakuwa na presha. Nikachana karatasi nikaandika, na nikajisikia vizuri sana. Hicho ndicho kilikuwa cheti changu cha kwanza maishani, nami nilikuwa nimekisahau kabisa.

"Umekunywa tangu lini?"

"Tangu uliponiandikia. Siku nyingine mbili, siku nyingine tatu. Nikiwa na kazi nyingi, tatu."

"Shangazi, mimi nilikusudia siku chache tu."

"Wapi umeandika?"

Nikaitazama karatasi. Niliigeuza hata upande wa pili, na upande wa pili palikuwa na hesabu za sehemu ambazo sikuzimaliza.

"Hukuandika," alisema. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama anayepima kiuno. "Mimi nilijua ungetaka niache, ungeandika niache."

"Na kliniki ya presha, hawakukuuliza kama unatumia dawa nyingine?"

"Waliniuliza. Nikasema hapana."

"Kwa nini?"

"Waliniuliza habari za ugonjwa. Goti si ugonjwa. Goti ni cherehani."

Nikamwomba anyooshe miguu. Ilikuwa imevimba. Nilibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, shimo likabaki. Miguu hiyo nilikuwa nimekaa nayo kwenye mkeka mmoja kwa wiki tatu. Aliniambia imekuwa hivyo tangu kabla ya mavuno, na kwamba anachoka, lakini alidhani ni kwa sababu ya kukaa. Nilihisi aibu ya kuwasha, ile inayokaa nyuma ya masikio. Yeye alirudisha vitu kwenye kopo, isipokuwa kile kibao cha vidonge vitatu. Hicho alinikabidhi mimi.

"Shika," alisema. "Kama vinaua walimu, mafundi ndio tutapona?"

Asubuhi tulikwenda kituoni pamoja. Nilikuwa nimepanga namna ya kumweleza mganga mfawidhi, sentensi tatu nzuri, lakini nilipoingia nikaweka karatasi mezani kwake nikasema, "Hii niliandika mimi."

Aliisoma kwa sauti, kama kawaida yake, mbele ya shangazi. Alipofika mwisho alinyamaza, kalamu ikasimama hewani. Safari hii kosa nililijua.

"Ulikuwa mwaka wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Mimi mwaka wa kwanza nilimtibu jirani minyoo, kumbe ana mimba," alisema. "Mimba ikaendelea, namshukuru Mungu. Mama, njoo ukae hapa."

Alimpima presha, ikawa juu hata kwa dawa zote mbili. Alipima mkojo, kijiti kikabadilika rangi mahali ambapo hakikutakiwa kubadilika. Akasimamisha vidonge vya goti, akaandika rufaa kwenda hospitali ya wilaya Kilosa kupima damu, na akaniruhusu nimsindikize. Kabla hatujatoka alinirudishia ile karatasi.

"Itunze," alisema. "Usiitupe."

Kesho yake alfajiri, kwenye basi, shangazi alikaa dirishani akitazama mashamba mpaka tulipopita Ulaya. Hapo aliniuliza kama mtu akifa figo anaumwa sana. Nikamwambia hajafika huko. Akaniuliza najuaje. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la kuridhisha, akafungua mfuko akanipa kipande cha muhogo wa kuchemsha.

Hospitali tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Daktari alikuwa dada mdogo tu, labda kanizidi miaka mitano, na alimsalimia shangazi kwa shikamoo kabla hajashika faili. Alituambia figo zimechoka. Hazijafa, zimechoka. Akabadilisha dawa moja ya presha, akaondoa ya kupunguza maji kwa muda, akasema vidonge vya goti visiguswe tena, hata kimoja, hata siku ya sikukuu. Goti apake dawa ya kuchua, anywe panadoli, na turudi baada ya wiki mbili.

"Na kazi yangu?" aliuliza shangazi.

"Kazi gani, mama?"

"Nakanyaga cherehani."

"Mguu upumzike."

"Shule zinafunguliwa Jumatatu ya wiki ijayo," alisema shangazi, kwa sauti ya kumweleza tu.

Wiki hizo mbili nilikanyaga mimi. Goti lake, lilipokosa vidonge, lilivimba na kuuma kwa namna ambayo aliniambia amesahau kwamba lilikuwa linauma hivyo. Kwa hiyo alikaa kwenye kiti kando, ananyoosha kitambaa na kuongoza sindano kwa mikono, na mimi nilikaa chini upande wa pili nakanyaga kwa mguu mmoja. Tulikuwa kama watu wawili wanaoendesha baiskeli moja bila kuelewana wanakwenda wapi.

"Polepole," alisema. "Tunashona sketi, hatukimbizi tembo."

Mara nilipunguza mno, uzi ukakatika. Mara nilikanyaga kinyume, uzi ukajisokota chini, akafumua mshono wote. Sketi mbili zilitoka na mishono ya kupinda. Alizitenga. Alisema atawapa watoto wasiokaa kitako, hawataonekana.

Katikati ya mapumziko hayo ya uzi nilimtibu mwalimu. Nilimuuliza maswali yote, mpaka chini, hata anakula nini na anatembea umbali gani. Nikamwandikia panadoli kwa siku saba, dawa ya kuchua, mazoezi ya paja, na arudi baada ya wiki moja. Nikagusa kitufe. Mfumo ukasema figo zake ni nzima, goti bado linauma kidogo, mgonjwa ameridhika. Nilimsomea shangazi.

"Alhamdulillahi," alisema. Baada ya kidogo akaongeza, "Goti bado linauma kidogo. Hapo wamesema kweli."

Tuliporudi Kilosa majibu yalikuwa mazuri kuliko mara ya kwanza. Yule daktari alisema figo zimerudi, ingawa si kwa nguvu zote, na nguvu hizo zilizorudi azitunze. Shangazi alimuuliza azitunzeje, akaelezwa, na kila kitu alichoelezwa alinitazama mimi kuhakikisha nimesikia. Mkono wangu ulikuwa unaandika. Niliandika na tarehe za kurudi, na saa, na jina la kila dawa na siku ya kuimaliza. Daktari aliona ninavyoandika akaniuliza kama mimi ndiye mhasibu wa familia. Shangazi akamjibu, "Huyu ndiye aliyeniandikia zile za goti." Daktari alinitazama kwa muda, akafunga faili, akatutakia safari njema.

Nilidhani yameishia hapo. Kwenye basi la kurudi, tumeshatoka mjini, shangazi alisema kana kwamba anakumbuka kununua chumvi, "Itabidi sasa tuwaambie na wengine."

"Wengine wepi?"

"Walioazima karatasi."

Ilikuwa imeazimwa na watu watatu. Alikuwa akiwapa waende nayo duka la dawa, kisha wanairudisha, na ndiyo maana aliibandika selotepu. Mmoja alikuwa mama anayeuza mchele sokoni. Wa pili alikuwa fundi mwenzake ambaye alishahamia Mvumi kwa binti yake. Wa tatu alikuwa mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori ya miwa, aliyekaa upande wa pili wa barabara.

Yule wa Mvumi tulimpigia simu hapohapo ndani ya basi. Alisema alikunywa siku mbili, tumbo likamkataa, akaacha, na hakusema kwa sababu hakutaka kumvunja moyo mtoto anayesoma. Mama wa mchele nilimfuata sokoni kesho yake. Nilipomuuliza kuhusu tumbo aliweka kipimo cha mchele chini. Alikuwa na miezi akisikia moto chini ya kifua, na kwa moto huo alikuwa anakunywa dawa nyingine aliyoazima kwa mtu mwingine. Nilimpeleka kituoni. Alikutwa na dalili za vidonda vya tumbo, akaacha vidonge, akaanzishiwa tiba. Tangu siku hiyo kila nikipita sokoni alinisalimia kwa heshima, lakini hakuniuliza tena jambo lolote la afya.

Mzee nilimwacha wa mwisho kwa sababu shangazi alinionya kwamba ni mtu asiyependa kupangiwa. Nilimkuta nje ya nyumba yake anasikiliza redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa kwa fundi."

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi ya goti."

Alizima redio. "Wewe ndiye daktari," alisema, akanipa mkono kwa mikono miwili. "Karatasi yako imenisaidia kuliko watu wote walionishika goti hili tangu niache kazi. Kaa."

Nikakaa. Nikamweleza kwamba sikuwa daktari, na wakati ule nilikuwa mwaka wa kwanza. Kwamba karatasi haikuwa yake, haikuwa na muda, na imemuumiza shangazi figo. Na kwamba nimekuja kumwomba aache. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nikiacha, goti?"

"Litauma, mzee."

"Basi hujaja na kitu," alisema.

Ilikuwa kweli. Kuku wake walipita mbele yetu kwa mstari. Mwishowe nikamuuliza anatumia dawa gani nyingine. Akasema hatumii. Nikamuuliza amewahi kupimwa presha. Akasema lori lake lilikuwa linapimwa kila mwaka, yeye hajawahi. Nikamuuliza analala vipi, anakojoa vipi, kama kichwa kinauma asubuhi. Alijibu kila moja, kwanza kwa mkato, kisha kwa maelezo marefu ambayo yaliingia mpaka shimo moja la barabarani karibu na Kidodi, na mimi sikumkatisha. Alasiri ikawa inakwisha.

"Unauliza sana," alisema.

"Nimefundishwa."

"Basi niandikie nyingine. Isiyo na matatizo."

"Siandiki tena nyumbani kwa mtu, mzee. Twende kituoni, kuna mkubwa wangu atakuandikia. Mimi nitakusindikiza."

Alifikiri. Akaingia ndani akatoka na kofia yake na fimbo, akafunga mlango kwa kufuli, na akavuta kufuli mara mbili kuhakikisha. Kutoka pale mpaka kituoni si mbali, lakini kwa goti lake tulisimama mara tatu, na kila tuliposimama alitazama malori yanayopita akaniambia kosa la dereva.

Mganga mfawidhi alimpima presha, akarudia mkono wa pili, kisha akanipa kipimo nipime na mimi. Ilikuwa juu sana, na bila shaka ilikuwa juu kwa muda mrefu. Mzee alisimamishiwa vidonge vya goti, akapewa dawa ya kuchua, na akaandikiwa kadi ya kliniki kwa mara ya kwanza maishani. Aliisoma yote, akaomba aonyeshwe palipoandikwa siku ya kurudi. Ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Alikuja Alhamisi hiyo, mapema kuliko wahudumu, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi.